Chumba cha nyaya: watu 14, malipo kwa kipande, na kazi iliyogoma kuongezeka

Tuanze na hesabu mbili: 7,312 na 6,600. Ya kwanza ni idadi ya viungo vya nyaya ambavyo kampuni ya Western Electric, yenye kiwanda karibu na Chicago, Marekani, ilitaka fundi mmoja avimalize kwa siku. Ya pili ni idadi ambayo mafundi wenyewe, bila kikao wala karatasi, walikubaliana kwamba ndiyo kazi halali ya siku moja. Tofauti ni viungo 712, na hapo ndipo kisa chetu kilipo.

Malipo yao yalikuwa kwa kipande. Kazi ikiongezeka, fungu la mshahara linaongezeka. Uwezo walikuwa nao. Muda nao ulikuwepo, maana alasiri mikono ilikuwa inalegea mapema kabla ya saa ya kutoka. Na shida ya pesa ilikuwa kubwa kuliko kawaida, kwa sababu tunazungumzia majira ya baridi ya mwaka 1931 kuingia 1932, Marekani ikiwa ndani ya Mdororo Mkuu wa uchumi, watu wakipanga foleni za chakula cha msaada mjini Chicago. Mtu mwenye nguvu, mwenye shida, anayelipwa kwa kipande, anapunguza mwendo kwa hiari yake. Kwa nini?

Nimekuwa nikikirudia kisa hiki kila ninapokaa na wasimamizi wa kazi, kwa sababu kinagusa jambo ambalo maofisa utumishi wetu hulimaliza haraka mno kwa neno moja: kutegea. Fulani anategea. Vijana wa siku hizi wanategea. Ukishalitamka neno hilo umefunga mlango, hutauliza tena chochote. Mimi naona chumba kile cha nyaya kinatulazimisha kuufungua.

Mahali na watu

Kiwanda chenyewe ni Hawthorne Works, mali ya Western Electric, kilichokuwa Cicero, mji unaopakana na Chicago upande wa magharibi. Hapo zilitengenezwa simu na mitambo ya vituo vya simu kwa ajili ya kampuni za simu za Bell. Kabla ya mdororo kilikuwa na wafanyakazi wapatao 40,000, wengi wao wahamiaji au watoto wa wahamiaji kutoka Ulaya ya kati na mashariki.

Waliosoma utawala wanaijua Hawthorne kwa habari ya taa. Kuanzia 1924 hadi 1927 taa za karakana ziliongezwa na kupunguzwa ili kuona kama mwanga unazidisha kazi, na matokeo hayakuufuata mwanga. Mwaka 1927 wakatengwa wasichana watano wa kuunganisha rilei, yaani swichi ndogo za umeme zinazotumika katika mitambo ya simu, nao nitawarudia. Kuanzia 1928 ikaja kazi kubwa ya mahojiano, wafanyakazi zaidi ya 21,000 wakasikilizwa, na humo watafiti wakaanza kupata fununu kwamba katika idara mbalimbali mafundi wana kiwango chao wenyewe ambacho hakimo katika kitabu chochote cha kampuni.

Elton Mayo, Mwaustralia aliyekuwa akifundisha Harvard, alikuwa mshauri wa utafiti. Lakini aliyeipa hatua iliyofuata sura yake ni W. Lloyd Warner, mwanaanthropolojia ambaye alikuwa ameishi na wenyeji wa kaskazini mwa Australia akijifunza maisha yao. Mafundi wa simu nao wakatazamwa hivyo hivyo, kama watu wa kijiji wenye mila zao.

Basi mwezi Novemba 1931 wanaume 14 wakatolewa katika idara yao wakawekwa chumba chao peke yao: mafundi nyaya 9, walehemu 3 na wakaguzi 2. Mtafiti mmoja akaketi humo humo na daftari. Mwingine akawa anawahoji nje, mmoja mmoja. Saa za kazi hazikuguswa, malipo hayakuguswa, mapumziko hayakuguswa. Wao waliambiwa wafanye kazi kama siku zote, na baada ya siku za mwanzo za kumwangalia mgeni kwa jicho la pembeni, ndivyo walivyofanya.

Kazi yenyewe, na miiko yake

Fundi anasimama mbele ya mtambo wa kituo cha simu uliojaa vijipini vya chuma, safu juu ya safu. Anauzungusha waya kwenye kijipini, anausogeza hadi kinachofuata, anauzungusha tena. Akimaliza safu moja anahamia mtambo wa pili ulio karibu naye, na mlehemu anakuja nyuma yake kuvigandisha viungo kwa risasi iliyoyeyushwa. Mkaguzi anafuata na kifaa chake cha kupimia, akitafuta kiungo kilicholegea au kilichogusana na jirani. Mlehemu mmoja huhudumia mafundi nyaya watatu. Mmoja akichelewa, mwingine anasimama akingoja.

Mitambo ilikuwa ya aina mbili, na siku moja mtu alitegemewa kumaliza miwili. Kwa aina ya kwanza hiyo ni viungo 6,600, kwa aina ya pili 6,000. Miwili ni idadi nzuri. Ina mwanzo na mwisho, unaiona kwa macho, unaweza kuiacha imekamilika ukaenda nyumbani. Kampuni ilikuwa imeweka lengo la viungo 914 kwa saa, yaani 7,312 kwa siku ya saa nane, lakini kwa fundi namba hiyo haikuwa kitu chochote: ni mtambo wa tatu ulioanzwa ukaachwa njiani.

Asubuhi walikimbia. Alasiri, waliposhaona miwili itakamilika, wakalegeza. Hapo ndipo michezo ilipoanza: kubahatisha sarafu, kuchanga vijisenti kwa ajili ya kamari ya mbio za farasi, kununua chokoleti na kula pamoja. Kiongozi wa kundi, ambaye kazi yake ilikuwa kuwasimamia kwa niaba ya kampuni, aliyaona yote akanyamaza. Alikuwa nao kutwa nzima, na msimamizi mkuu alipita mara chache. Huyo mkuu akiingia, chumba kilitulia ghafla.

Katika daftari la uzalishaji mstari ulinyooka kama uzi wa mwashi. Siku ambayo fundi amefanya zaidi, anaripoti pungufu na kujiwekea akiba. Siku ambayo amechoka, anaitoa akiba hiyo. Hakuna binadamu anayefanya kazi sawasawa siku zote, kwa hiyo mstari ulionyooka ni ushahidi tosha kwamba kuna mkono unaounyoosha.

Miiko ya chumba ilikuwa minne. Usifanye kazi kupita kiasi, utakuwa mharibu bei. Usifanye pungufu mno, utakuwa unawanyonya wenzako. Usimpelekee msimamizi neno lolote la kumdhuru mwenzako, utakuwa mchongezi. Na usijikweze: hata ukiwa mkaguzi, usijifanye mkaguzi. Mmoja wa mafundi alivunja mwiko wa tatu, akapeleka maneno, na tangu hapo hakuna aliyempenda.

Aliyekwenda mbio aliitwa majina: Mtumwa, Mfalme wa Mbio. Asiposikia, alipigwa ngumi kwenye mkono wa juu, karibu na bega. Kulikuwa na utaratibu hata katika hilo, kwamba aliyepigwa ana haki ya kurudisha ngumi moja, na mambo yakaishia hapo. Mara nyingine ilikuwa mzaha, mara nyingine ilikuwa adhabu, na mwenye bega alijua ni ipi.

Jambo moja katika kumbukumbu za chumba hicho linanigusa kuliko yote. Walipimwa akili na wepesi wa mikono. Fundi aliyekuwa wa mwisho kwa uzalishaji alikuwa wa kwanza kwa akili na wa tatu kwa wepesi. Aliyekuwa wa kwanza kwa uzalishaji alikuwa wa mwisho kwa akili na wa saba kwa wepesi. Maana yake ni kwamba idadi ya viungo haikukueleza chochote kuhusu uwezo wa mtu. Ilikueleza nafasi yake kati ya wenzake.

Walichosema, na walivyosikilizwa

Mafundi walipoulizwa kwa nini wanaishia pale, walijibu waziwazi. Tukiongeza, bei ya kipande itashushwa. Au lengo litapandishwa. Au kuna mwenzetu atapunguzwa kazini kwa sababu kazi ya tisa itafanywa na saba. Au wale wa polepole watafokewa.

Ripoti ya watafiti, iliyotoka 1939, ilikiri kwamba ndiyo waliyosema, kisha ikayaweka kando. Hoja yao ilikuwa kwamba mafundi hao hawakuwa wamewahi kupatwa na hayo waliyoyaogopa, kwa hiyo hofu yao haikutokana na hesabu, ilitokana na hisia za kundi linalojilinda dhidi ya mabadiliko. Wakuu wanafikiri kwa mantiki ya gharama, wafanyakazi kwa mantiki ya hisia. Hivyo ndivyo kizazi kizima cha wasimamizi kilivyofundishwa.

Mimi nalipinga hilo. Kupunguzwa kazini hakukuwa jambo la kusimuliwa mwaka 1932. Kiwanda hicho hicho kilikuwa kinapunguza watu kwa maelfu, na waliobaki walikuwa wamekatiwa saa za kazi. Mtu anayeangalia meza ya jirani yake ikibaki tupu wiki hadi wiki haongozwi na hisia akisema kazi igawanywe polepole. Anapiga hesabu. Ila hesabu yake inaanzia mahali ambapo ile ya kampuni haianzii.

Nimewahi kuwa karani wa mishahara katika kiwanda kimoja cha korosho kusini mwa Tanzania, ndiyo maana nalisema hili kwa uchungu. Akina mama waliomenya maganda ya ndani ya korosho walilipwa kwa kilo. Nilipojaza daftari, safu ya majina ilikuwa tofauti tofauti lakini safu ya kilo ilikuwa kama mtu mmoja: sita, sita, sita na nusu, sita. Bwana mmoja wa ofisini alisema wamelogwa na uvivu. Siku moja nikamwendea mama mmoja mtu mzima, nikampa shikamoo, nikamwuliza taratibu, mama, mbona mikono yako ni myepesi hivyo lakini kilo ni zile zile? Hakuinua macho kwenye ungo. “Mwanangu, nikimenya nane leo, kesho hiyo nane ndiyo itakuwa sita.”

Sijapata kuisikia nadharia ya motisha ikielezwa kwa ufupi kuliko hapo. Miezi michache baadaye akaja binti mgeni, mwepesi, mwenye mtoto mchanga na madeni, akamenya nane na tisa kwa wiki mbili mfululizo. Ofisi ikafurahi, kisha ikapunguza malipo ya kilo kwa wote, kwa maelezo kwamba imethibitika inawezekana. Nililiandika tangazo hilo kwa mkono wangu. Yule binti hakuongeleshwa na mtu hadi alipoacha kazi.

Tukikiweka kisa mbele ya nadharia

Wengi wanaoeleza motisha, yaani kinachomsukuma mtu kufanya kazi, huanza na mwanasaikolojia Abraham Maslow, na hesabu yake ya mahitaji ya mwaka 1943: mwili kwanza, halafu usalama, halafu upendo na kuwa mmoja wa watu, halafu heshima, na juu kabisa mtu kuwa kile anachoweza kuwa. Piramidi tunayoichora ubaoni haikuchorwa na yeye, iliwekwa na waliomfuata, na nadhani piramidi hiyo imetuharibia kusoma kwetu. Inatufanya tuone ngazi: maliza hii, panda ile. Katika chumba cha nyaya ngazi hiyo haionekani. Mtu alikubali kipato kidogo zaidi, hitaji la chini kabisa, ili abaki na watu wake. Ukimfuata Maslow kwa ngazi, utasema amepanda juu kabla ya kumaliza chini. Ukiwatazama watu wenyewe utaona kwamba usalama na wenzake havikuwa vitu viwili. Chama cha wafanyakazi cha kuwatetea hawakuwa nacho kikweli, sheria ya kumlinda anayepunguzwa hawakuwa nayo. Ngao pekee iliyokuwepo ni kwamba watu 14 wanafanya kazi kwa mwendo mmoja, hakuna anayeweza kunyooshewa kidole. Kuwa mmoja wa watu ndiko kulikuwa usalama. Sisi tuliokulia katika jamaa na majirani, katika michango ya misiba na vyama vya kuzikana, hatuhitaji kuelezwa sana jinsi mahitaji hayo mawili yanavyokuwa moja.

Frederick Herzberg, aliyetoa utafiti wake mwaka 1959 baada ya kuwahoji wahandisi na wahasibu wapatao 200 wa eneo la Pittsburgh, angesema mshahara na usimamizi huondoa manung’uniko tu, na hamasa ya kweli hutoka ndani ya kazi: mafanikio, kutambuliwa, wajibu. Anatusaidia kidogo. Kazi ya kuzungusha waya mara 6,600 haina mengi ya kujivunia, na mafundi wale walijitafutia uhondo pale walipoweza, kwa mfano kwa kubadilishana kazi, mlehemu akafunga nyaya na fundi nyaya akalehemu, jambo lililokatazwa na kampuni. Lakini wahandisi na wahasibu wa Herzberg hawakuwa wanalipwa kwa kipande wakisubiri bei ishushwe, na kumhamishia fundi wa nyaya majibu yao ni kumvalisha mtu koti la mwingine.

Nadharia inayokifungua kisa hiki ni ya Victor Vroom, ya mwaka 1964, inayohusu matarajio. Inamfanya mfanyakazi awe mtu anayejiuliza maswali matatu. Nikijitahidi, kazi itaongezeka kweli? Ikiongezeka, nitapata kitu? Na hicho nitakachokipata, nina haja nacho? Majibu huzidishana, kwa hiyo moja likiwa sifuri, yote ni sifuri.

Swali la kwanza, fundi wetu anajibu ndiyo bila wasiwasi. La pili ndilo lililokatika. Malipo yalikuwa kwa kipande, lakini kipande cha kundi: kazi ya wote inajumlishwa, mapato yanagawanywa. Chukua watu 14 wenye mafungu sawa. Mmoja akiongeza kazi yake kwa asilimia 14, kazi ya kundi zima inapanda kwa asilimia 1, na yeye anapata asilimia 1 ile ile wanayoipata waliokuwa wakila chokoleti. Kundi la malipo likiwa kubwa zaidi ya hapo, hata hiyo moja inayeyuka. Bado hujaweka upande wa pili wa mizani: bei inaweza kushushwa, lengo linaweza kupanda, mwenzake anaweza kutoka. Kisha swali la tatu: ile asilimia 1 ina thamani gani mbele ya bega lililovimba na chakula cha mchana peke yako?

Ukishapiga hesabu hiyo, hutashangaa tena kwamba walisimama kwenye 6,600. Utashangaa kwamba walifika huko. Hapo ndipo watu wengi hukosea wanapokisoma kisa: wanaona viungo 712 ambavyo havikufanywa, hawaoni 6,600 vilivyofanywa siku baada ya siku, kwa hiari, bila kiboko, kwa sababu tu kundi lilisema asiyefika anawanyonya wenzake. Mwiko wa pili ulikuwa na nguvu sawa na wa kwanza. Hawa si watu wasio na motisha. Wana motisha kali, yenye ratiba, yenye adhabu na tuzo. Ila haikutoka ofisini.

J. Stacy Adams, aliyeandika juu ya usawa katika miaka ya 1960, anaongeza kitu ambacho Vroom hakigusi vizuri. Mtu hupima alichotoa na alichopata akijilinganisha na mwingine, na akiona mizani imeinama hulipiza, mara nyingi kwa kupunguza anachotoa. Chumba kilikuwa na vikundi viwili, cha mbele na cha nyuma. Wa mbele walifunga ile mitambo ya aina ya kwanza, wakajiona bora, ingawa kazi zenyewe zilikaribiana kabisa. Wa nyuma walidharauliwa kwa michezo yao na kwa kazi yao ndogo, na wao wakajibu dharau kwa kuifanya kazi iwe ndogo zaidi, wakijua fungu ni la wote na itawauma wa mbele. Yule mwenye akili kuliko wote aliyekuwa wa mwisho alikuwa wa kikundi hicho. Bonasi gani ingemsogeza?

Wasichana watano wa rilei

Kuna atakayesema: mbona katika jengo hilo hilo wasichana wa rilei waliongeza kazi mwaka hadi mwaka? Ni swali zuri, na jibu lake ni sehemu ya uchambuzi huu.

Wasichana wale walikusanya vijisehemu zaidi ya 30 kuwa rilei moja, takriban moja kwa dakika. Walipotengwa mwaka 1927, malipo yao yalibadilishwa: badala ya kugawana na idara nzima ya watu zaidi ya 100, wakagawana watano peke yao. Jitihada ya mmoja ikawa inaonekana kwenye bahasha yake. Walipewa mapumziko, wakaulizwa maoni, wakaruhusiwa kuzungumza, na aliyekaa nao hakuwa mtu wa kuwafokea. Uzalishaji ukapanda kwa takriban theluthi moja katika miaka michache.

Hadithi inayosimuliwa madarasani huishia kwenye kusikilizwa na kuthaminiwa. Inasahau malipo, na inasahau kwamba Januari 1928 wawili kati ya watano waliondolewa kwa sababu ya maongezi mengi na ukaidi, wakaletwa wengine wawili, mmoja wao akiwa na mzigo mzito wa familia nyumbani, naye akawa ndiye anayewasukuma wenzake. Sisemi kuthaminiwa si kitu. Nasema huwezi kukitenga na pesa, wala na aliyebaki chumbani.

Linganisha sasa. Chumba cha rilei: kundi dogo la malipo, masharti mapya yaliyoelezwa kwao, mtu wa karibu wa kuzungumza naye, na miaka ya mwanzo yenye kazi tele. Chumba cha nyaya: hakuna kilichobadilishwa, na nje kuna mdororo. Binadamu ni wale wale wa Cicero. Tofauti iko kwenye majibu ya maswali ya Vroom.

Ningekuwa msimamizi wa chumba kile

Nisingegusa ngumi wala chokoleti. Nisingeleta kibao cha mfanyakazi bora wa mwezi, maana ningekuwa nimemchagulia mtu wa kupigwa.

Ningeanza na bei. Ningeandika kwa maandishi, na kubandika ukutani, kwamba bei ya kiungo haitaguswa isipokuwa mashine au njia ya kazi ikibadilika, na kwamba kasi ya mtu si sababu ya kuipunguza. Hili si ndoto. Lincoln Electric ya Cleveland, watengenezaji wa vifaa vya kuchomelea, waliishi na sera ya namna hiyo ya malipo kwa kipande, wakaanza kutoa bonasi ya mwaka tangu 1934, na mwaka 1958 wakaiweka rasmi ahadi ya kutompunguza kazini mfanyakazi wa kudumu. Ahadi hizo mbili zinakwenda pamoja. Bei iliyolindwa bila ajira iliyolindwa inamfanya fundi aogope kumaliza kazi yake mwenyewe.

Kama sina uwezo wa kuahidi ajira, na mwaka 1932 huenda nisingekuwa nao, basi ningesema hivyo, na ningeuliza kundi lenyewe jinsi ya kugawana saa zilizopo. Tayari walikuwa wanazigawana kwa siri. Kuliko kuwaita wategeaji, ningeufanya mpango wao kuwa mpango wa wazi. Na kwa sababu hawangeniamini siku ya kwanza wala mwezi wa kwanza, nisingetegemea kiungo hata kimoja cha ziada hadi watakapokuwa wamepitia siku kadhaa za malipo na kuona bei haijasogea. Imani ya mfanyakazi huhesabiwa kwa bahasha, si kwa hotuba.

Kisha ningepunguza ukubwa wa kundi la malipo. Mlehemu mmoja na mafundi nyaya wake watatu tayari ni timu, wanategemeana kwa mikono. Hao wanne wangegawana fungu lao. Na ningehalalisha kubadilishana kazi, kwa kuwa walikuwa wakibadilishana hata hivyo, na ndiyo nafasi pekee waliyokuwa nayo ya kuiongoza siku yao wenyewe.

Lengo la 914 kwa saa ningelifuta. Ningewauliza mtambo wa tatu unaweza kugawanywa vipi ili nao uwe na mwisho unaoonekana ndani ya siku.

Hakuna aliyeyafanya haya. Mwezi Mei 1932, miezi sita na kitu baada ya kuanza, oda za mitambo ya simu zilikuwa zimeanguka kiasi kwamba hapakuwa tena na kazi ya kukiendesha chumba. Mwangalizi akafunga daftari lake, na lile zoezi likaishia hapo: watu 14 waliokuwa wakiigawa kazi kidogo kidogo ili isiwaishie, imewaishia.